Kusahihisha uzito wa sampuli si kupika takwimu

Wiki iliyopita msomaji mmoja kijana aliniandikia: "Kaka, nimefanya utafiti kwa simu, nimehoji watu 1,000. Wa mjini wamejaa mno. Bosi anataka nipige simu nyingine 2,000, na anasema nikianza kuwapa wahojiwa uzito, yaani jibu la huyu lihesabiwe zaidi na la yule pungufu, nitakuwa napika takwimu. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, tuhuma hiyo naijua. Niliwahi kutupiwa mbele ya mkutano mzima, na mkuu wa kazi ambaye hata jedwali langu hakulifungua. Ripoti ikatoka na asilimia ghafi, jina langu likiwa ndani yake. Miaka ikapita, ofisi ileile ikanialika niwafundishe vijana wao njia ileile waliyoikataa. Nilikwenda, nikafundisha kwa moyo wote. Lakini sijasahau.

Sasa tuangalie hesabu yako. Kwenye sampuli una watu 600 wa mjini na 400 wa vijijini. Sensa inasema wa mjini ni asilimia 30 tu, wa vijijini asilimia 70. Kwa hiyo kila wa kijijini apewe uzito wa 1.75 (70 gawanya kwa 40), na kila wa mjini 0.5 (30 gawanya kwa 60). Kwa majibu yako, wenye maji ya bomba nyumbani ni asilimia 80 mjini na asilimia 20 vijijini. Bila uzito unapata asilimia 56. Ukiweka uzito unapata asilimia 38. Kati ya namba hizo mbili, iliyopikwa ni ipi? Ile ya 56 inahesabu kana kwamba watu wengi wanaishi mjini, jambo ambalo kila mtu anajua si kweli.

Na hizo simu 2,000? Ukizipiga kwa orodha ileile, utapata upendeleo uleule, ila sasa utauamini zaidi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura. Wingi haukusaidia kitu, kwa sababu orodha yao ilielemea upande mmoja, na waliojibu hawakufanana na wasiojibu.

Kutumia jumla zinazojulikana ili kunyoosha makadirio ni kazi ya heshima, tena ya zamani. Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, mwaka 1802 hakuhesabu Wafaransa wote. Alichukua sampuli ya maeneo, akapata kwamba kila mtoto mmoja anayezaliwa kwa mwaka anawakilisha watu wapatao 28.35, kisha akazidisha kwa idadi ya watoto waliozaliwa nchi nzima. Mwaka 1940 wanatakwimu Deming na Stephan wakaeleza njia ya kurekebisha kwa zamu: unalinganisha jinsia na sensa, halafu umri, halafu elimu, unarudi tena kwenye jinsia, hadi namba zitulie. Mwaka 1992 wanatakwimu wengine, Deville na Särndal, wakaonyesha kwamba njia hiyo na ile ya makadirio ya regresheni (inayotumia uhusiano kati ya majibu na sifa zinazojulikana) ni za ukoo mmoja. Watu wa kazi hii hawakukaa wakibuni namba.

Ila usiingize kila kitu. Chagua sifa zinazohusiana na mambo mawili: nani alijibu, na alijibu nini. Sifa isiyogusa hata kimoja kati ya hayo ni mzigo tu. Na ukikata vikundi vidogo mno, ukabaki na watu watatu kwenye kimoja, kiunganishe na jirani yake. Nimeona mtu mmoja akibeba uzito wa watu arobaini, na jibu lake moja likageuza mkoa mzima.

Uzito una gharama pia, na gharama hiyo lazima uiseme. Kipimo cha haraka ni cha mwanatakwimu Kish: jumlisha uzito wote, zidisha jumla hiyo kwa yenyewe, gawanya kwa jumla ya miraba ya uzito (kila uzito ukizidishwa kwa wenyewe). Kwako inakuwa 1,000,000 gawanya kwa 1,375, yaani kama 727. Kwa makadirio hayo ya haraka, watu wako 1,000 wanafanya kazi ya watu 727 hivi. Andika hivyo kwenye ripoti, palepale juu, na uweke asilimia zote mbili, ghafi na iliyorekebishwa. Anayeficha ndiye anayepika. Vijana wengi mnataka namba nzuri ya kuonyesha wafadhili. Tafuteni namba mnayoweza kuitetea hatua kwa hatua.

Kwako wewe uliyeandika: kabla hujagusa elimu, fungua dodoso lako na dodoso la sensa uyaweke pamoja. Kama sensa iliuliza kiwango ambacho mtu amekimaliza, na wewe ukauliza kiwango alichofikia, aliyeacha sekondari njiani atakuwa "sekondari" kwako na "msingi" kwao. Hapo elimu iache kabisa. Fanya kwa mjini na vijijini, jinsia na umri, kisha mpelekee bosi majedwali yote mawili kwa pamoja.