Jibu: sinthi ya kompyuta au mashine yenyewe, kwa sauti mpya?

Umeuliza kama ununue mashine ya sinthi, yaani ala ya kuunda sauti kwa umeme, ama ubaki na laptopu. Baki na laptopu kwanza, ndugu. Pakua Surge XT, programu ya sinthi, ni ya bure. Anza na osileta (kizalisha sauti) moja ya wimbi la msumeno, lenye sauti kali, ongeza ya pili na uipandishe senti 7 (senti 100 ni nusu toni), kisha filta, yaani kichujio, ikate masafa ya juu ya 800 Hz. Sasa elekeza LFO (wimbi la polepole la kusogeza mipangilio) ya 0.3 Hz kwenye hiyo filta, kidogo tu. Hapo sauti inaanza kupumua. Ukizidisha, inageuka king'ora!

Noti zikichelewa, mara nyingi kosa ni bafa, akiba ya sauti ambayo kompyuta huandaa kabla ya kuicheza: sampuli 512 kwa 48,000 Hz ni karibu milisekunde 11. Shusha hadi 128, ubaki na kama 3. Ikikwaruza, prosesa imelemewa. Punguza idadi ya noti zinazolia pamoja.

Utamu wa mashine ni mikono miwili kugeuza vitu viwili kwa mpigo. Kontrola ya MIDI (kifaa cha kutumia amri kwenye programu) yenye vitufe vya kuzungusha inakupa sehemu kubwa ya hilo. Ukinunua mashine hata hivyo, na adapta ukaitafutia Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme Nairobi, soma volti na polariti (upande upi ni chanya na upi hasi): baadhi ya sinthi hutaka hasi katikati. Na stima ikipotea kabla hujahifadhi, sauti imeenda.