Mwani kuwa mwekundu sio jeni kubadilika
Hapana mkuu, unasema mwani ukiwa mwekundu jeni zake zimebadilika, lakini sivyo: mwani wa Haematococcus (mwani mdogo wa seli moja) ukitoka kijani ukawa mwekundu jeni zake hazijabadilika hata moja, ni zilezile ila seli inaziwasha kwa nguvu zaidi, hasa ile ya BKT, kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza astazanthini, rangi inayoikinga seli na mwanga mkali au ikikosa naitrojeni. Hii kazi ya kupima jeni nimeifanya maabara: mRNA (nakala ambayo seli huitoa jeni ikiwashwa) inapanda ndani ya masaa tu baada ya stresi hiyo kuanza, na chupa bado kijani kabisa, wekundu unakuja siku kadhaa baadaye, kwa hiyo ukisubiri rangi ndo uchukue sampuli umeshachelewa, na hapo ukuta wa seli umekuwa mgumu balaa, bila kuzigandisha kwa naitrojeni ya kimiminika na kuzisaga kwenye kinu hupati RNA (ambamo mRNA imo) ya maana. Ila angalia kitu kimoja, mRNA kupanda haina maana rangi nayo itapanda kwa kiasi hichohicho, pima na rangi yenyewe, halafu usitegemee jeni ya aktini peke yake kulinganishia (yaani jeni inayodhaniwa haipandi wala kushuka) maana nayo inaweza kuyumba kwenye stresi, weka jeni mbili tatu.