Usikipe kiwanda alama moja

Mbukwenyi wapendwa.

Jumapili natoka kanisani nikakuta ujumbe mrefu kwenye simu kutoka kwa dada mmoja wa Kibaigwa, huku kwetu Dodoma. Ni katibu wa kikundi cha wakulima wa alizeti. Anasema kampuni moja kubwa ya mafuta ya kula imewafuata, inataka mkataba wa kununua mavuno yao kwa misimu mitatu. Wameshapewa mbegu za majaribio, fulana na kofia. Sasa imeletwa na barua iliyochapwa tayari, ya kuipongeza kampuni kwa kujali jamii. Kikundi kinatakiwa kugonga muhuri tu, halafu barua ije huku mjini kwa viongozi kabla Bunge la Bajeti halijaanza. Mwisho akaniuliza: "Kaka, wewe umekaa viwandani. Hawa ungewapa ngapi kati ya kumi?"

Nimekaa na swali hilo siku tatu. Niliwahi kuulizwa swali hilohilo, uso kwa uso, na nilijibu uongo.

Nilifanya kazi miaka sita kwenye kiwanda kikubwa hapa Kanda ya Kati. Jina lake silitaji. Niliingia Aprili 2013 kama kibarua wa kubeba mashudu, nikapanda hadi msimamizi wa zamu kwenye kitengo cha kukamulia. Najua wengi mnaonisoma ndiyo njia mnayoitamani: uanze chini, uonekane, upewe watu wa kuwasimamia, ununue kiwanja Nala au Mpunguzi. Mimi niliitaka kuliko mnavyoitaka ninyi. Ndiyo maana nilifanya nilichofanya.

Mwaka 2016 tukatangaziwa wageni, wakaguzi wa cheti cha kimataifa. Siku ya ukaguzi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, stoo ikafunguliwa tukagawiwa glavu. Glavu mpya za ngozi, kila jozi imefungwa na uzi mweupe, bado ngumu, ukikunja ngumi zinalia. Miaka mitatu nilikuwa sijaona glavu pale ndani. Mabomba ya mvuke tuliyashika kwa vipande vya viroba. Mwenzangu mmoja, mama wa makamo, alikuwa ameunguzwa na mvuke wiki tatu nyuma, ngozi imebabuka kuanzia kifundo cha mkono wa kulia mpaka kiwiko. Siku hiyo aliambiwa apumzike nyumbani na atalipwa. Mimi nikachaguliwa kuongea na wageni kwa niaba ya wafanyakazi. Mzee wa utumishi alinishika bega akasema, "Wewe unajieleza vizuri, mdogo wangu."

Mkaguzi akaniuliza kama saa za ziada tunalipwa. Nikasema tunalipwa. Akauliza kama tuko huru kujiunga na chama cha wafanyakazi. Nikasema tuko huru. Akauliza kama kuna aliyeumia mwaka ule. Nikasema hakuna. Mwishoni akataka nikipe kiwanda alama kati ya kumi, nikasema tisa, akaandika. Saa kumi jioni glavu zikakusanywa kwenye kiroba, zikahesabiwa jozi kwa jozi. Mwezi uliofuata cheti kikatundikwa mapokezi ndani ya fremu ya kioo, na mimi nikapandishwa cheo.

Leo ndiyo mara ya kwanza nayaandika haya.

Machi 2019 zamu nzima ya usiku tuliambiwa mikataba yetu imeisha. Ilikuwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, inahuishwa kila ikifika mwisho, miaka sita mfululizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kama ilivyosomeka wakati huo, mikataba ya muda maalumu iliwawekea wataalamu na kada ya uongozi. Mbeba mashudu hakuwemo. Mimi sikuijua. Tuliondoka bila notisi na bila kiinua mgongo. Nikaambiwa nivumilie kidogo, jina langu linashughulikiwa. Nikavumilia miezi miwili. Nilipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yule dada wa mapokezi akanionyesha kwa kidole kwenye karatasi: mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30. Nikaomba kuongezewa muda. Sababu yangu ilikuwa kwamba nilikuwa naahidiwa. Haikutosha. Nikaenda NSSF, nikakuta michango ya miezi 31 kati ya 72. Nilikaa kwenye benchi pale nje nikikumbuka ile tisa niliyotoa kwa mdomo wangu.

Baada ya hapo nilijifunza kwa hasira. Sheria za kazi nilizisoma usiku kwa simu, na hukumu za Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi zipo bure mtandaoni, nikasoma moja baada ya nyingine. Leo nina mashine yangu ya kukamua pale Kizota. Ina watu wanne, wote wana mikataba ya maandishi, na kila mmoja ana glavu zake anazoondoka nazo nyumbani. Nasema hivyo kwa fahari.

Sasa nikujibu, dada yangu. Sitakupa ngapi kati ya kumi. Mpe kila mtengenezaji mkubwa alama tatu: ya maadili, ya anavyoishi na wafanyakazi wake, na ya mkono wake kwenye siasa. Zikishapatikana, usizijumlishe. Kiwanda changu cha zamani kilichimba kisima kijijini, na wakulima walilipwa taslimu mzani ukishasoma. Hayo ni kweli kabisa, na ndiyo yaliyonirahisishia kusema tisa. Lakini kisima kilichimbiwa kijiji, na aliyeungua ni yule mama. Ukijumlisha, yeye anapotea ndani ya hesabu.

Watanzania mfano tunao. Mnaikumbuka rada ya kuongozea ndege? Tuliinunua kwa BAE Systems ya Uingereza, kampuni kubwa ya kutengeneza silaha na mitambo ya kijeshi, kwa pauni milioni 28. Clare Short, aliyekuwa waziri wao wa maendeleo ya kimataifa, aliipinga biashara ile waziwazi, na ikapita. Desemba 2010, mahakamani London, kampuni ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu malipo kwa wakala wake wa hapa kwetu. Ikapigwa faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 ikakubali kuzilipa kwa ajili ya wananchi wa Tanzania. Fedha zikafika 2012, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Ndiyo hiyo chenji ya rada. Binti yangu wa kwanza alisomea vitabu vile, na vilikuwa vitabu vizuri.

Sasa jaribu kumpa BAE alama moja. Mafundi wake wa Uingereza wana chama chenye nguvu, Unite, kinachokaa mezani na mwajiri, kwa hiyo upande wa wafanyakazi huwezi kumpa sifuri. Upande wa maadili, anauza silaha na amekiri kosa la hesabu. Upande wa siasa ndiko kuzito zaidi: Desemba 2006, serikali ya Tony Blair ilisimamisha uchunguzi wa mikataba ya kampuni hiyohiyo na Saudi Arabia kwa hoja ya usalama wa taifa. Uchunguzi mzima ukazimwa! Ukichanganya chama, silaha, uchunguzi uliozimwa na vitabu vya binti yangu, ukapata tano, hiyo tano inakwambia nini? Mimi hainiambii kitu.

Kwa wafanyakazi, nenda getini. Nenda zamu zinapobadilishana, kaa kwa mama lishe wa nje, agiza ugali na mlenda, uangalie mikono ya wanaotoka. Usiulize kama wana raha, maana watakujibu nilivyojibu mimi. Omba kuona hati ya malipo, na kama kuna makato ya NSSF muulize mwenyewe kama ameshahakiki michango yake. Uliza zamu inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi, kisha upige hesabu mwenyewe: sheria inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, na ziada inalipwa mara moja na nusu. Muulize mama aliyejifungua kama alipewa siku zake 84. Na uliza kama TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani na biashara, wana tawi mle ndani na kama mkataba wa hali bora kati ya chama na mwajiri umesainiwa. Wakisema chama kipo lakini mkataba haujawahi kusainiwa, andika hivyohivyo. Getini ndipo kwenye ukweli. Nimesema na ninarudia, nenda getini.

Cheti cha ukutani usikihesabu peke yake. Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, mjini Karachi, Pakistan, kiliungua na kuua wafanyakazi zaidi ya 250. Madirisha yalikuwa na nondo. Wiki chache tu kabla ya moto kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, kinachothibitisha kwamba wafanyakazi wanatendewa haki na wako salama. Niliposoma habari ile nilijua kabisa ukaguzi unavyoweza kwenda. Labda na kule kulikuwa na kijana anayejieleza vizuri.

Upande wa maadili nina maneno machache. Tazama maji machafu ya kiwanda yanaelekea wapi, na mzani wao kama una stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Waulize wakulima wa kijiji kingine waliouza msimu uliopita, siyo wale waliopangwa kuongea nawe.

Kwenye siasa ndiko hasa ninakokuogopea. Sisi wa Dodoma tunayaona kwa macho. Kuanzia Aprili mpaka Juni hoteli zinajaa, na hao wageni si wabunge peke yao. Kampuni kwenda kwenye Kamati ya Bajeti na kutoa maoni yake si kosa, milango imewekwa kwa ajili hiyo. Wewe tafuta kujua inaomba nini. Kwenye mafuta ya kula ugomvi unaorudi ni ushuru wa mafuta ghafi ya mawese yanayotoka nje. Anayekamua alizeti anautaka uwe juu. Anayesafisha mawese anautaka uwe chini. Wapo wakubwa wanaofanya yote mawili. Ushuru ukishuka, alizeti ya Kongwa na Singida inadoda ghalani. Barua uliyotumiwa nimeisoma mara nne. Inasifu mbegu, inasifu ajira, inasifu kisima kitakachochimbwa. Kuhusu ushuru haisemi lolote. Utajuaje basi kama muhuri wenu hautabanwa nyuma ya ombi la kuwashusha ninyi wenyewe bei? Waambie wawape andiko lote wanalolipeleka, siyo ukurasa wa pongezi peke yake. Wakikataa, hiyo ndiyo alama yao ya siasa. Na pale BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, kwenye mfumo wao wa mtandaoni, lipia upekuzi wa kampuni, usome majina ya wakurugenzi na wanahisa. Ukikuta jina unalolisikia pia kwenye mikutano ya siasa, siyo ushahidi wa kosa, lakini wanakikundi wote walijue kabla ya kupiga kura.

Ndugu zangu, muhuri wa kikundi ni mali. Mnaufungia kwenye sanduku pamoja na daftari la michango, halafu anakuja mtu na fulana za shilingi elfu nane mnamfungulia! Mimi niliuza neno langu kwa cheo cha msimamizi wa zamu. Kuna siku nilikutana na yule mama pale Majengo sokoni, anauza karanga. Alinisalimia vizuri tu, akanipimia kwa ule mkono wa kulia. Hakunikumbusha lolote. Nilishindwa kula zile karanga.

Mwezi uliopita nilimfuata nyumbani, nikamweleza kila kitu nilichomwambia mkaguzi siku ile. Alinyamaza muda mrefu, akachota maji akanipa. Kisha akasema alikuwa anajua tangu zamani.

Dada yangu wa Kibaigwa, barua usiigonge muhuri kabla hatujaonana. Nitakuja Jumamosi na kosta ya saa moja asubuhi. Waite wanachama wote, na wale wanaoitaka fulana pia waje. Nimemuomba yule mama aje nami awaambie mwenyewe. Jana jioni amenipigia, amekubali.