Diski haijajaa, lakini haipokei faili

SWALI: Assalaam alaykum, Bwana Fundi. Hapa Wete tuna sava ya Linux katika ghala la karafuu. Vipimajoto 12 huandika kila dakika, kila kimoja faili jipya. Juzi sava imegoma, inasema nafasi imekwisha, na nikitazama naona GB 40 zimetumika robo tu. Nikifomati upya, nichague nini?
Msomaji, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Usifute kitu bado. Andika df -i, uone safu ya asilimia. Naamini utakuta 100, maana kilichokwisha ni inodi.

Mfikirie karani wa ghala lako. Kila gunia lina mstari wake daftarini: la nani, uzito gani, limewekwa wapi. Mistari ikiisha, hapokei gunia hata ghala likiwa tupu. Inodi ndiyo mstari huo, na daftari la ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, hukatwa siku ya kufomati. Kwa kawaida ni inodi moja kwa kila baiti 16,384, kwa hiyo wewe ulipata 2,621,440. Vipimajoto vyako vinaandika mafaili 17,280 kwa siku. Piga hesabu: miezi mitano, daftari limejaa.

Fomati kwa mkfs.ext4 -i 4096, yaani inodi moja kwa kila baiti 4,096. Utapata inodi mara nne, na daftari lenyewe litakula kama GB 2.5. Usishuke chini ya hapo, kwani kila faili, hata la herufi kumi, hukamata bloku nzima, yaani kipande cha diski, ya baiti 4,096. Ukubwa wa inodi uache baiti 256; ya 128 tarehe zake zinagota mwaka 2038. XFS, mfumo mwingine wa mafaili, nayo hutengeneza inodi kadiri zinavyohitajika, ukiipenda.

Na -T largefile usiiguse. Mimi niliiweka kwenye sava ya barua pepe ya mteja hapa Mjini, inodi moja kwa kila MB 1. Barua zikagota kwenye elfu arobaini na kitu, siku tatu kabla ya Idi, nikakesha dukani Darajani nahamisha.

Lakini ningekuwa mimi, ningebadilisha ile programu kwanza: kila kipimajoto faili moja kwa siku, vipimo vikifuatana mstari kwa mstari. Mafaili 12 badala ya 17,280, na hata mpangilio wa kawaida ungekutosha miaka.

Nakala ichukue kwa tar kwenye diski nyingine, ufungue mafaili machache uyasome kwa macho yako, ndipo uandike mkfs.