Muulize Dada wa Programu: Vesheni Ikishatoka Imetoka Hiyo

Mwezi huu inboksi imejaa maswali ya kurilisi laibrari (kodi iliyoandikwa ili wengine waitumie ndani ya programu zao), sijui mmeambizana, nimechagua manne. Wale wa laptopu zinazochemka mnivumilie, zamu yenu mwezi ujao.

SWALI

Shikamoo dada. Niko chuo hapa Mwanza, nina kalaibrari kangu ka Python ka kusafisha namba za simu za Tanzania, yaani ukikapa 0754 na kuendelea kanakurudishia +255754 na kanakwambia ni mtandao gani. Juzi nimetoa vesheni 1.2.0 kule PyPI (ghala la mtandaoni la laibrari za Python), kwangu inapiga kazi safi kabisa ila watu wakiinstoli wanaletewa kosa kwamba faili la mitandao.json halipo. Nikaona isiwe tabu, nikaifuta 1.2.0, nikarekebisha, nikapakia tena 1.2.0 ileile, PyPI ikagoma eti faili hilo lipo tayari wakati nimelifuta kwa mkono wangu mwenyewe!! Nifanyeje?

*Mwanafunzi, Mwanza*

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Hiyo 1.2.0 isahau, ishaenda. PyPI ukishapakia faili lenye jina fulani, jina hilo halitumiki tena, ufute usifute, hata ukifuta mradi mzima ukaanza upya. Itoe kama 1.2.1 maisha yaendelee, namba ni za bure.

Najua unaona wanakubania ila fikiria kuna mtu Dodoma kaishainstoli ile 1.2.0 mbovu, kesho mfanyakazi mwenzie naye anainstoli 1.2.0 anapata kitu kingine kabisa chenye jina lilelile na namba ileile, hapo watabishana mpaka usiku huyu anasema kwangu inafanya kazi yule anasema kwangu inakufa, na wote wako sahihi. Na wale makini wanaohifadhi heshi za mafaili (alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe) ndo kabisa, pip, ile programu ya kuinstoli, itawagomea maana heshi haifanani na itaonekana kama kuna mtu kaichezea pakeji yako.

Na kufuta kwenyewe acha tabia hiyo. Machi 2016 kule npm, ghala la pakeji za JavaScript, jamaa mmoja aligombana na kampuni kuhusu jina la pakeji, akakasirika akaondoa pakeji zake zote, zaidi ya 270, na mojawapo ilikuwa left-pad, mistari 11 tu ya kodi, kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi basi. Lakini left-pad ilikuwa inategemewa na pakeji zinazotegemewa na pakeji zingine, mpaka Babel, chombo kikubwa cha watu wa JavaScript, ilikuwa humo, miradi dunia nzima ikaanza kugoma kujengeka ndani ya dakika chache na npm ikabidi wairudishe wenyewe kwa nguvu. Baada ya hapo wakabadilisha sheria, npm sa hivi hujiondolei tu pakeji ambayo watu wanaitegemea. PyPI bado wanakuruhusu kufuta, ila kuruhusiwa sio kushauriwa.

Cha kufanya ukitoa vesheni mbovu ni kuiyanki, kitufe kipo palepale kwenye ukurasa wa mradi wako sehemu ya kusimamia vesheni. Ukiyanki faili linabaki ila pip inaliruka, anayeinstoli bila kutaja namba anapewa vesheni nyingine nzima, na yule aliyeandika kabisa ==1.2.0 bado anaipata pamoja na onyo na sababu uliyoiandika. Kwa hiyo andika sababu, usiache tupu.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, maana 1.2.1 nayo itatoka bila hilo faili usipoangalia. Kinachoenda kwa watu sio folda lako, ni pakeji iliyojengwa, ni kama kufunga mzigo wa basi la mkoani, kilichobaki sebuleni kimebaki sebuleni. Setuptools, chombo kinachofunga huo mzigo, inabeba mafaili ya .py, ila mitandao.json sio .py kwa hiyo lazima uitaje kwenye pyproject.toml, faili la mipangilio ya mradi, sehemu ya package-data. Kwako inafanya kazi kwa sababu unaijaribu ukiwa umesimama ndani ya folda la mradi, Python inalikuta faili pembeni yako wala haigusi ile pakeji.

Kabla hujapakia fungua mzigo uuangalie. Lile faili la .whl ni zip ya kawaida tu, andika unzip -l ukimalizia na jina lake uone orodha yote iliyomo, kama mitandao.json haipo kwenye orodha basi haipo hata kwa watu. Halafu tengeneza mazingira mapya ya Python kwenye folda lingine kabisa, nenda hata kwenye Downloads huko, instoli .whl hiyo, ijaribu na namba mbili tatu. Ukitaka mazoezi zaidi kuna TestPyPI, ni seva ya pembeni yenye akaunti yake, pakia huko kwanza uharibu unavyotaka.

Jambo la mwisho ambalo hukuuliza. Tangu 2017 Tanzania mtu anahama mtandao na namba yake, kwa hiyo hizo tarakimu za mwanzo zinakwambia namba ilitolewa na nani, hazikwambii leo iko kwa nani. Liandike hilo kwenye maelezo ya 1.2.1 kabla mtu hajaitumia kugawa vocha.

SWALI

Niaje sista. Tuko na laibrari ya Python ya kuongea na Daraja ya M-Pesa (mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa), tuliiandika kazini tukaiachilia kama programu huria. Fankisheni yetu kubwa inachukua kiasi halafu simu, na kila mtu mpya anachanganya, so nimezigeuza, sasa ni simu halafu kiasi, iko poa zaidi. Tuko 1.8.0. Boss anasema hii ni kitu ndogo nitoe tu 1.8.1, mimi naona ni 2.0.0. Na kusema ukweli sidhani kuna watu wengi wanaitumia, ingawa takwimu zinasema imedaunlodiwa maelfu.

*Devu, Nairobi*

JIBU

Boss wako nampenda lakini hapana. Ule mtindo wa namba tatu alioupanga Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, unasema hivi kwa kifupi, namba ya mwisho ni ya kurekebisha bagi tu, ya katikati ni ya kuongeza kitu bila kuvunja cha zamani, ya kwanza ni pale unapovunja. Nyie mmevunja. Na mmevunja kwa namna mbaya kuliko zote, sababu hakuna kosa litakalotokea kwenye Python, vitu vyote viwili ni namba. Mtu aliyeandika 500 halafu 2547 na kuendelea, baada ya apdeti programu yake itatuma ombi la kutoza mabilioni ya shilingi kutoka kwa simu inayoitwa 500. Bahati M-Pesa ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja so itakataliwa, lakini mwenye duka atakaa siku nzima malipo hayaingii hajui kwa nini.

Mimi nisingegeuza kabisa. Toa 1.9.0 yenye fankisheni mpya yenye jina lingine inayolazimisha mtu ataje simu= na kiasi= ili mpangilio usiwe na maana tena, ile ya zamani iache hai ila itoe onyo, halafu kwenye 2.0.0 ndo uiondoe. Na hapo kwenye onyo kuna mtego, DeprecationWarning Python kwa kawaida inaificha, inaonekana tu pale kodi iliyoita iko kwenye skripti yenyewe unayoiendesha, kwa hiyo watu watakwambia hatukuona onyo lolote na ni kweli hawakuliona. Tumia FutureWarning kama unataka lionekane.

Kuhusu takwimu, zile daunlodi zina miroo (seva zinazonakili ghala zima) na roboti za kujengea programu ndani yake, kampuni moja yenye seva za majaribio inaweza kukudaunlodi mchana kutwa. Kwa hiyo hujui ni watu 5 au 500. Chukulia ni 500.

Halafu mwambie boss kuvunja sio fankisheni peke yake. Februari 2021 laibrari ya Python inaitwa cryptography ilitoa 3.4, fankisheni zilikuwa zilezile ila ndani wakaanza kutumia lugha ya Rust, sasa watu waliokuwa wanaijenga wenyewe, hasa wale wa Alpine Linux, wakajikuta wanadaiwa kompaila ya Rust ambayo hawajawahi kuisikia, na kelele zikapigwa kwelikweli. Wale wasimamizi walikuwa na mtindo wao wa namba na waliufuata, ila mtu akiona 3.3 kwenda 3.4 anajua ni salama. Toleo lililofuata wakaruka kutoka 3.4 mpaka 35, ndiyo thelathini na tano, ili namba ya kwanza ipande kila toleo kubwa na asitokee mtu wa kudanganyika tena. Mimi naona walifanya vizuri ingawa wengine waliwacheka.

SWALI

Assalam aleikum dada. Nna laibrari ya JavaScript ya kugeuza tarehe za Hijria na Miladi, iko npm, naisimamia peke yangu na kusema kweli nimechoka, nna kazi na watoto. Kuna mtu ananisaidia mwaka sasa, simjui kwa sura, anarekebisha bagi vizuri na ni mpole, sasa anasema nimpe tokeni ya npm (ufunguo wa kupakia kwa jina langu) awe anatoa matoleo mwenyewe nipumzike. Roho inasitasita lakini pia naona haya kumnyima.

*Msomaji, Mombasa*

JIBU

Waaleikum salaam kaka. Roho yako iko sawa na yeye pia huenda yuko sawa, wengi wanaosaidia ni watu wazuri tu. Ila tokeni usimpe, na wala sio kwa sababu yake.

Wewe umesikia habari ya xz? Ni laibrari ya kubana mafaili, iko karibu kila Linux. Msimamizi wake alikuwa mmoja, kachoka, akatokea mtu anajiita Jia Tan, akasaidia kwa miaka zaidi ya miwili kwa upole, huku akaunti zingine zikimsonga msimamizi kwamba mradi unazorota mpe mwenzio nafasi. Akapewa. Februari na Machi 2024 akatoa 5.6.0 na 5.6.1 zikiwa na mlango wa siri wa kuingilia seva za watu kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Na hapa ndo pa kutazama kwa makini, kipande kilichowasha ule mlango hakikuwemo kwenye kodi ya wazi kwenye git (mfumo wa kutunza kodi na historia yake), kilikuwemo ndani ya faili la toleo tu, lile tarball ambalo watu wa Debian na Fedora (aina za Linux) wanalichukua kujengea. Yaani ungeisoma git mstari kwa mstari usingekiona. Aligundua Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mtu wa PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH kumechelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, akatangaza Ijumaa Kuu tarehe 29 Machi 2024. Nusu sekunde! Wengine hata intaneti ikikata dakika tano hatushtuki.

Kwa hiyo lisimamie hivi, toleo lisijengwe kwenye kompyuta ya mtu, yako wala yake. Mwaka 2025 npm waliweka utaratibu ambao GitHub Actions, mashine za GitHub za kujenga programu, inapakia yenyewe bila tokeni ya kudumu (PyPI wanao tangu 2023), unaunganisha mara moja, baadaye ukiweka tagi (alama ya toleo) kwenye git mashine inajenga kutoka kwenye tagi ileile na kupakia. Msaidizi wako anaandaa kila kitu, anaandika maelezo, anaweka tagi, wewe kazi yako inabaki kusoma mabadiliko na kubonyeza kuidhinisha, hata kwenye foleni ya feri ya Likoni utafanya. Na hamna tokeni ya kuibiwa kwa sababu haipo. Ukimweleza hivyo hutakuwa umemnyima kitu, na kama ana neno na utaratibu huo basi hilo neno lisikilize sana.

Akaunti yako nayo iwekee passkey (ufunguo unaotunzwa na kifaa chako) au kifunguo cha usalama sio namba za kwenye simu tu. Septemba 2025 msimamizi wa pakeji kubwa kama chalk na debug alitumiwa barua pepe ya uongo kutoka npmjs.help ikimwambia asasishe uthibitisho wake, akaingiza, na matoleo yenye kodi ya kuiba pesa za kidijitali yakatoka kwa jina lake. Huyo ni mzoefu, sio mgeni. Passkey ingekataa kwenye ile tovuti feki hata yeye mwenyewe akitaka.

SWALI

Dada, nachangia kwenye laibrari moja ya C, tumetoa vesheni mpya wiki mbili zilizopita na tagi ipo na tarball ipo. Watu wa Ubuntu (aina ya Linux) wanafanya apt upgrade wanapata ya zamani, wananitukana mimi. Tumekosea wapi?

*Arusha*

JIBU

Hamjakosea popote. Nyie mmetoa, ila apt, programu yao ya kuinstoli, haichukui kwenu, inachukua kwa Ubuntu, nao sehemu kubwa wanachukua Debian, na huko kuna mtu anaitwa msimamizi wa pakeji ambaye anachukua tarball yenu anaijenga kwa sheria zao. Ikifika inaingia kwanza Debian unstable, ikikaa siku kadhaa bila bagi kubwa inashuka testing, na toleo thabiti likishafungwa namba hazipandi tena, wanachomeka marekebisho ya usalama na bagi nzito ndani ya vesheni ya zamani. Aliye kwenye Ubuntu 24.04 atabaki na namba ileile miaka yote ya toleo hilo, na ndo anachokitaka hata kama hajui.

Kama mmerekebisha tundu la usalama mwandikieni yule msimamizi mkiwa na pachi ndogo ya hicho kitu peke yake, msimtumie vesheni nzima yenye mambo arobaini. Kama ni fichaz (uwezo mpya) tu, watu wasubiri Ubuntu inayofuata au wajenge wenyewe. Na huyo anayetukana kabla hujamjibu muulize kwanza kaiinstoli kwa apt, kwa snap au kajenga mwenyewe, nusu ya ugomvi huwa mtu ana vesheni mbili kwenye mashine moja na anaendesha ile asiyoijua.