Kabla hujabadilisha sheria za basketi, shika tepu kwanza

Mi nafundisha vijana basketi hapa Mbeya, kiwanja chetu cha zege kipo njia ya kwenda Uyole, na kila Jumamosi hakosi mtu na sheria yake mpya, eti ringi ipandishwe zaidi ya mita 3.05, eti tuweke mstari wa pointi nne. Ringi yenyewe ya upande wa barabarani imelala kama sikio la mbuzi, sasa we unaipandisha wapi?

Anza kwa kupima. Tulinunua rangi Mwanjelwa tukasema tuchore mstari wa pointi tatu wa FIBA, wale wa shirikisho la basketi duniani, mita 6.75 toka chini ya ringi, na kwenye kona ubaki sentimita 90 toka mstari wa pembeni. Tukafunga kamba kwenye msumari, jamaa anazunguka na chaki, kufika kona chaki ikatoka nje ya uwanja ikaingia kwenye majani, tukacheka weee. Kumbe hesabu zile ni za uwanja wenye upana wa mita 15, wetu una 13. Tukaacha hivyohivyo, kona hakuna tatu, na mchezo ukanoga manake kuna dogo alikuwa anajibanza pale kama anasubiri daladala, siku hizi inabidi akate aingie ndani.

Ila kubwa ni mwisho wa mechi. Saa ya sekunde 24, ile ya kuilazimisha timu yenye mpira irushe kabla hazijaisha, hatuna, muda wa mechi tunaangalia kwenye simu. Kuna siku tuko nyuma pointi mbili, zimebaki dakika nne, wenzetu wakawa wanapasiana tu wanazunguka na mpira, sisi kazi faulo, watu wakaondoka zao. Sio ugonjwa wetu peke yetu, mwaka 1950 kule Marekani Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18 kwa kukumbatia mpira hivyohivyo, na 1954 ndo NBA, ligi yao kubwa, wakaleta hizo sekunde 24.

Sa fanyeni hivi: zikibaki dakika nne simu inazimwa, mnachukua pointi za anayeongoza mnaongeza 8, wa kwanza kufika kashinda. Ikiwa 41 kwa 38 mnacheza mpaka 49, hakuna wa kupoteza muda hapo. NBA All-Star ya 2020, ile mechi ya mastaa wa ligi, walifanya hivi robo ya mwisho, wakaongeza 24, namba ya jezi ya Kobe Bryant, kumkumbuka maana alikuwa amefariki mwezi mmoja nyuma. Sisi tulianza na 12 lakini Juni huku jua likizama vidole vinaganda, mpira unakuwa jiwe, hafungi mtu, tukashusha.

Shida ni mitupo huru, ile unayopewa ukifanyiwa faulo, unarusha bila kuzuiwa. Hata ile All-Star iliishia kwa mtupo huru wa Anthony Davis, 157 kwa 155, si utamu huo. Tukasema pointi ya kumalizia lazima itoke kwenye mchezo, mabeki nao wakashtuka, kila ukinyanyuka wanakukata mkono. Jumamosi iliyopita tukaongeza kwamba ukirudia mara ya pili unatoka, wenzako wanabaki wanne, na kocha mwenzangu mpaka leo kaninunia manake wa kwanza kutoka alikuwa wa kwake.