Dada yako wa Houston: sheria ya Texas ipo, na inaanzia kwenye ruhusa

Mkuu mleta mada, nimeisoma habari ya dada yako mara mbili nikashindwa kulala bila kuandika. Kwa waliochelewa: dada yake yuko Houston, ana biashara ya kupika vyakula vya harusi na misiba. Mume waliyetengana tangu Januari ndiye aliyemfungulia baruapepe na ukurasa wa kupokelea oda, na mpaka leo anaingia, anasoma, anawafutia wateja oda zao. Wiki iliyopita kabadili nywila, mwenye biashara kabaki nje. Polisi wakamwambia hayo ni mambo ya mke na mume. Mleta mada anauliza kama Marekani kuna sheria ya hili au ni FBI peke yao, na hapo juu kuna mchangiaji kamshauri atafute kijana wa Dar aingie kwenye akaunti za shemeji, ngoma iwe droo.

Naanza na huo ushauri wa mwisho, maana unaweza kumwangamiza dada yako wiki hii hii. Msifanye. Kifungu kinachomlinda yeye hakiulizi nani alianza. Akimtuma mtu aingie kwa mumewe, kesho wote wawili ni watuhumiwa, na shemeji ndiye atakuwa na ushahidi safi zaidi. Na huyo kijana wa Dar asidhani bahari inamficha: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 4, inataja kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa kosa. Nasema kwa ukali kwa sababu mimi mwenyewe nilibaki hatua moja tu nifanye ujinga huo.

Nina ofisi ndogo karibu na Fort Worth, hapa hapa Texas. Tunawatafutia mizigo wenye malori, wengi wao watu wetu, Watanzania, Wakenya na Wakongo, tunawaandikia ankara na kuwatunzia makaratasi. Mwaka 2019 tulimpata kijana wa nyumbani kabisa, akatuwekea kila kitu: ratiba ya mizigo, baruapepe, mahali pa kuhifadhi mikataba. Nilimchukulia kama mdogo wangu, sikukuu ya Idi alikuwa anakula kwangu. Julai 2021 tukakosana kuhusu malipo, tukaachana kwa maneno makali kwenye simu. Sikumwandikia hata mstari mmoja kwamba kazi imekwisha. Nywila sikubadili, na akaunti yake ya msimamizi nikaiacha wazi kama mlango wa uani.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu asubuhi, ratiba ilikuwa tupu. Dereva mmoja yuko Laredo na trela tupu hajui apakie wapi. Mwingine kafika ghalani Amarillo anaambiwa mzigo umeghairiwa, na aliyeghairi ni ofisi yetu wenyewe, kwa baruapepe yetu wenyewe. Ankara za miezi miwili hazipo. Nilikaa sakafuni nikalia, sioni haya kusema.

Nilipokwenda polisi, afisa wa mapokezi alinisikiliza vizuri, kisha akasema huu ni mgogoro wa kibiashara, niende mahakama ya madai. Sikumchukia. Nilikuwa nimemwelezea ugomvi wa malipo kwa dakika ishirini na uvamizi kwa dakika mbili, angeelewa nini? Ndiyo maana nashuku dada yako naye alianza na ndoa. Akirudi, ndoa aiweke kando kabisa. Aseme: tarehe fulani, saa fulani, mtu asiye na ruhusa yangu ameingia kwenye akaunti ya biashara yangu, amefuta oda hizi, na ninataka kuripoti kosa la kifungu 33.02 cha sheria ya jinai ya Texas. Halafu aombe namba ya ripoti, asiondoke bila hiyo namba.

Jioni ile ile, kompyuta ya mapokezi ilikuwa bado imehifadhi nywila ya baruapepe binafsi ya yule kijana, aliwahi kuifungua pale ofisini. Mwanangu akaniambia, mama, bonyeza tu tuone. Mkono ulikuwa kwenye kipanya. Kilichoniokoa ni miadi na wakili asubuhi yake. Nikasema ngoja nimuulize kwanza. Wakili akanijibu kwamba hiyo kompyuta ni yako, lakini hiyo akaunti si yako, na ukiifungua utakuwa umeingia mahali pa mtu bila ridhaa yake. Nililipa saa moja ya wakili, na jibu hilo peke yake lilitosha kuirudisha ile pesa.

Sasa swali la FBI. Sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, ipo, ya 1986, lakini kila jimbo kati ya majimbo 50 lina yake, na kesi za watu wa kawaida kama sisi nyingi huishia huko. Florida ilitunga yake 1978, baada ya wafanyakazi wa uwanja wa mbio za mbwa wa Flagler huko Miami kutumia kompyuta kujichapishia tiketi za ushindi wa uongo. Vermont ilikuwa ya mwisho, 1999. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba hapa ni pori.

Na hili la mfanyakazi au mwenzi wa zamani si jipya hata kidogo. Wakili wangu alinipa kesi ya mjini kwetu hapa hapa: Donald Gene Burleson, mtaalamu wa programu wa kampuni ya USPA & IRA ya Fort Worth, alifukuzwa kazi Septemba 1985, na siku chache baadaye kumbukumbu 168,000 za kamisheni za mawakala zikafutika. Mwaka 1988 alitiwa hatiani, akapewa miaka 7 ya uangalizi nje ya gereza na kuamriwa kulipa takriban dola 11,800. Nilipoisoma nilishusha pumzi. Kumbe kilichonipata mimi kilishaonwa na mahakama kabla sijajua hata kompyuta ni nini.

Kiini cha sheria ya Texas, hicho kifungu 33.02, ni ridhaa. Kosa ni kuingia kwa kujua, kwenye kompyuta, mtandao au mfumo, bila ridhaa halali ya mwenyewe, yaani mwenye mali. Na sheria yenyewe imeeleza lini ridhaa si ridhaa: ikipatikana kwa hila au kwa vitisho, ikitolewa na asiye na mamlaka ya kuitoa, na (hapa msome polepole) ikitumika kwa jambo jingine tofauti na lile ambalo ilitolewa. Mimi nilimpa kijana nywila atunze mfumo, sikumpa aufute. Dada yako alimwachia mumewe afungue akaunti ili wateja waagize pilau. Hakumwachia awafukuze hao wateja.

Kipengele hicho kilikuwa na uzito wa pekee kwangu, kwa sababu Juni 2021, mwezi mmoja kabla ya ugomvi wetu, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kesi ya Van Buren, polisi wa Georgia aliyetafuta namba ya gari kwenye kompyuta ya kazini ili alipwe. Kwa kura 6 kwa 3 majaji wakasema sheria ya shirikisho haimhusu mtu mwenye ruhusa ya kuingia hata akiitumia kwa nia mbaya. Kinachoangaliwa ni kama lango lilikuwa wazi kwake au limefungwa. Mimi lango sikulifunga! Wakili aliniambia wazi kwamba kwa shirikisho tungebishana mwaka mzima kuhusu hilo lango. Sheria ya jimbo ndiyo iliyonibeba.

Kwa hiyo barua. Dada yako aandike leo, kwa baruapepe mpya na kwa ujumbe wa simu pia: kuanzia tarehe hii huna ruhusa ya kuingia kwenye akaunti zifuatazo, azitaje moja moja. Asitukane, asitishe, asigusie watoto. Kuanzia hapo mume akiingia hawezi kusema alidhani bado anaruhusiwa. Mimi barua hiyo niliiandika nikiwa nimeshaumia tayari, na mpelelezi ndilo alilouliza kwanza kabisa: ulimwambia lini?

Kuna jambo linalonitia wasiwasi kwa dada yako na sitalificha. Nani mwenye akaunti? Sheria inamwita mwenyewe yule aliye na mali mkononi, au mwenye haki kubwa zaidi ya kuwa nayo, au mwenye haki ya kumzuia mwingine asiingie. Kama biashara imesajiliwa kwa jina la dada peke yake, amesimama vizuri, hata kama aliyebonyeza vitufe siku ya kwanza ni mume. Kama imesajiliwa kwa majina yote mawili, hapo polisi watasita, na kwa kweli watakuwa na sababu. Atafute cheti cha usajili kabla hajarudi kituoni. Ila hoja ya kwamba "tumeoana, chake ni changu" isimtishe. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya Dallas ilikataa kauli ya namna hiyo katika shauri la madai: mume alichukua picha za yaliyomo kwenye simu ya mkewe, na mahakama ikasema simu ni kompyuta kwa maana ya sheria hii, na kwamba mke ndiye mwenyewe kwa kuwa alikuwa na haki kubwa zaidi juu yake.

Uzito wa kosa unapimwa kwa hasara, pale mtu anapoingia kwa nia ya kudhuru au kufuta. Hasara ikifika dola 2,500 lakini haijafika 30,000, ni kosa kubwa la daraja la chini, miezi sita hadi miaka miwili. Chini ya hapo ni makosa madogo, juu yake yanapanda kwa ngazi mpaka dola 300,000. Watu wengi hawajui kwamba hasara haiishii kwenye kilichopotea. Gharama ya kuchunguza nini kimeguswa, na gharama ya kujaribu kurejesha, nazo zinahesabiwa. Mimi nilidai dola 9,000 kwa mdomo. Zilizokuwa na risiti zilikuwa 4,300, na mwendesha mashtaka hakutaka kusikia zaidi ya risiti. Dada atunze kila karatasi: fundi aliyemrudishia akaunti, oda zilizoghairiwa pamoja na ujumbe wa wateja, nyama iliyonunuliwa ikaoza kwa sababu harusi ilifutwa bila yeye kujua.

Ushahidi wa kuingia wenyewe uko kwenye ukurasa wa shughuli za akaunti, unaoonyesha saa, aina ya kifaa na anwani ya IP, yaani namba ya mtandao alioingilia. Auombe pia kwa barua kwa kampuni inayotoa huduma, wasiufute, maana kumbukumbu hizo hazikai milele. Apige picha ya skrini nzima, tarehe ionekane.

Hilo la kubadili nywila ili mwenyewe abaki nje, Texas iliongeza kifungu chake Septemba 2017, 33.022, juu ya kukatiza au kusimamisha kwa makusudi ufikiaji wa mfumo bila ridhaa ya mwenyewe. Kiliwekwa kwa ajili ya wale wanaoifurikisha seva (kompyuta inayohudumia wengine) mpaka ielemewe, na ni kosa kubwa la daraja la tatu, miaka 2 hadi 10. Sijaona kikitumika kwa mke na mume. Amwachie mwendesha mashtaka aamue, yeye aeleze tu ukweli kwamba alifungiwa nje.

Kesi yangu ilichukua miezi 14. Katikati hapo wazee wa jumuiya walikuja nyumbani mara tatu. Wakaniambia: msipelekane polisi, yamalizeni ndani, mtoto wa watu huyu hana uraia. Mama yake alinipigia kutoka nyumbani akilia. Nililibeba hilo, na bado nalibeba. Lakini dereva aliyelala siku mbili Laredo naye ana watoto, na hakuna mzee aliyemtembelea. Mwisho kijana alikiri kosa dogo la daraja A, la juu kati ya madogo, na kunilipa 4,300 kwa awamu, akamaliza. Nawaomba wachangiaji mnaofanya kazi za kompyuta mjue hili: mkiwa si raia, hata ule mpango wa Texas ambapo unakiri na jaji anaahirisha kukutia hatiani, uhamiaji wanauhesabu kama hukumu. Shemeji yako naye kama si raia, huenda barua ya wakili inayomweleza hilo ikamzuia kabla mambo hayajafika mahakamani, na nadhani dada yako angependelea hivyo. Barua hiyo aiandike wakili mwenyewe, si dada kwa mkono wake, maana kumtishia mtu kwa uhamiaji kunaweza kumgeuzia kibao.

Polisi wakisita tena, milango ya madai iko wazi. Sura ya 143 ya sheria ya madai inamruhusu aliyeathirika kushtaki mwenyewe na kudai hasara pamoja na gharama za wakili. Muda ni miaka 5 tangu tendo la mwisho au miaka 2 tangu alipogundua, lolote linalotangulia, kwa hiyo bado ana nafasi. Na kwa kuwa wanaelekea kuachana, siku atakapofungua shauri la talaka amwombe jaji amri ya muda. Sheria ya familia ya Texas inamruhusu jaji kumkataza mwenzi kutumia nywila kuingia kwenye baruapepe, benki au akaunti nyingine za mwenzake. Amri hiyo hupatikana haraka kuliko kesi ya jinai, na mume akiivunja anajibu kwa jaji yule yule anayeshika talaka. Kama hana wakili, aulize mahakama ya kaunti yake kuhusu msaada wa kisheria wa bure, Houston upo. Akishaandika ile barua ya kuondoa ruhusa, iweke hapa bila majina, niipitie kabla hajaituma.